Mjomba ana saratani ya koo yenye SUV ya 17.6: mionzi bado ina maana?

Swali: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Kirumba, Mwanza. Mjomba wangu ana miaka 58, ni fundi wa mitumbwi. Alianza na uvimbe shingoni, tukahangaika na antibayotiki miezi kadhaa. Baadaye Bugando walitoa kinyama, majibu yakaja saratani ya koo, nyuma ya ulimi. Mwanawe anayefanya kazi Nairobi akamchukua kwenda kupigwa PET huko, ile picha ya mwili mzima inayoonyesha sehemu zinazowaka. Ripoti inasema uvimbe una SUVmax 17.6, MTV 28 na TLG 294. Tezi moja ya shingo inawaka, na kuna tezi za katikati ya kifua zenye SUV 4.1. Binamu yangu amesoma mtandaoni kwamba SUV ikipita 10 mgonjwa hana muda mrefu, na kwamba hizo za kifuani maana yake imeshasambaa. Kikao cha familia kimegawanyika. Wapo wanaosema hela ya mionzi itunzwe, mzee asiteswe bure. Wapo wanaotaka auze mtumbwi wake arudie PET katikati ya matibabu tuone kama dawa inafanya kazi. Namba hizi zinasema nini hasa? Tumpeleke au tumwache?

Jibu: Marahaba, na poleni kwa kuuguza.

Nianze na kikao, maana naona huko ndiko kuna moto. Mpelekeni mjomba akaanze matibabu, na msichelewe. Hakuna daktari wa saratani anayemnyima mgonjwa mionzi kwa sababu SUV yake ni 17.6. Saratani ya koo iliyo kwenye koo na tezi za shingo peke yake, hata ikiwa kubwa, inatibiwa kwa nia ya kuponya. Suala la tezi za kifua linatakiwa kutatuliwa haraka, nitalieleza. PET ya katikati ya matibabu iacheni. Hela hiyo ina siku yake, na siku hiyo haijafika.

Sasa namba. Nitakwenda polepole kidogo, kwa sababu binamu yako ameshika namba ambayo ni rahisi kuisoma kuliko zote tatu, na ndiyo dhaifu kuliko zote.

Kile alichochomwa mjomba Nairobi kabla ya kuingia kwenye mashine ni sukari iliyofungiwa florini-18, ambayo inatoa mionzi. Seli yenye njaa ya sukari inaivuta ndani, inaifanyia hatua ya kwanza ya kuichoma, kisha inakwama nayo. Sukari ya kawaida ingeendelea mbele; hii haiendi mbele wala hairudi nje. Baada ya kama saa moja mashine inapita mwilini na kuhesabu imenasa wapi, na kwa kiasi gani. Saratani nyingi za koo ni walafi wa sukari, ndiyo maana zinawaka kwenye picha. Lakini ubongo nao ni mlafi, moyo wakati mwingine, na tezi yoyote iliyo vitani na vijidudu. Mashine haioni saratani. Inaona ulaji wa sukari, halafu binadamu ndiye anayeamua ulaji huo ni wa nani.

SUV inapatikanaje? Tuseme, kwa mfano, mjomba ana kilo 62 na alichomwa megabekereli 310 (bekereli ni kipimo cha mionzi; mega ni milioni, kilo ni elfu). Dozi hiyo kama ingesambaa sawasawa mwili mzima, kila gramu ingepata kilobekereli 5. Mashine ikakuta sehemu moja ya uvimbe ina kilobekereli 88 kwa mililita. Gawanya 88 kwa 5, unapata 17.6. Hiyo ndiyo hesabu yote. Namba inasema kwamba pale mahali pamenasa sukari mara 17.6 kuliko ambavyo pangepata kama mwili wote ungegawiwa sawa.

Umeona uzito umeingia kwenye hesabu. Sasa fikiria hawakumpima kwenye mizani, walimuuliza tu, naye akataja uzito wake wa mwaka jana kabla chakula hakijaanza kukataa kupita: kilo 72. Mtu yuleyule, uvimbe uleule, ripoti ingetoka na SUV ya 20.4. Bado hujagusa mambo mengine. Akikaa dakika 90 badala ya 60 kabla ya kupigwa picha, uvimbe unaendelea kuvuta na namba inapanda. Sukari ya damu ikiwa juu, ile ya kawaida inagombania mlango na hii yenye mionzi, namba inashuka. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa asile kitu kwa saa nne hadi sita, na kisukari hushughulikiwa kwanza. Mashine mbili tofauti, au mashine moja yenye programu mbili tofauti za kutengenezea picha, zinaweza kutoa namba tofauti kwa mgonjwa mmoja. Ulaya wana mpango uitwao EARL ulioanza 2010 kwa ajili ya kulinganisha mashine tu, hospitali hii na ile zipate namba zinazoweza kukaa meza moja. Kwa hiyo mpaka wa 10 aliousoma binamu umetoka kwenye mashine za watu wengine, wagonjwa wengine, na maandalizi mengine.

Tena neno "max" hapo lina maana yake. Hiyo 17.6 si ya uvimbe wote. Ni ya nukta moja ya picha, yenye upana wa milimita chache, ile inayowaka kupita nukta zote. Ukisimama Capri Point usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini, ukakodolea taa moja inayong'aa kuliko zote, bado hujajua kuna mitumbwi mingapi ziwani. Kujua idadi inabidi uhesabu zote. Na kwenye saratani ya kichwa na shingo, wingi ndio unaosema zaidi kuliko ukali wa nukta moja.

Hapo ndipo MTV inapoingia. Kompyuta inazungushia mstari sehemu yote ya uvimbe inayovuta sukari kupita kiwango fulani, kisha inasema sehemu hiyo ni mililita ngapi. Ya mjomba ni 28. Kama ungekuwa mviringo kamili, ungekuwa na kipenyo cha karibu sentimita 3.8. TLG ni MTV ikizidishwa kwa wastani wa SUV wa eneo hilo lote. Chukua 294 ugawanye kwa 28, unapata 10.5. Huo ndio wastani wa uvimbe wa mjomba, na ona ulivyo mbali na 17.6 iliyowanyima usingizi.

Utafiti unasemaje? Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 13 zenye wagonjwa 1,180 wa saratani za kichwa na shingo. Waliokuwa na MTV kubwa walikuwa na hatari ya ugonjwa kurudi au kuendelea takribani mara tatu ya wenye MTV ndogo, na hatari ya kufa mara tatu na nusu hivi. TLG ilifuata njia hiyohiyo. Huo ni ushahidi mzuri, siupuuzi. Mtu akiniuliza PET ya kabla ya matibabu inaweza kutabiri chochote, namwambia ndiyo, na kipimo cha kutazama ni ujazo, si SUVmax.

Lakini "mara tatu" ni maneno yanayowaumiza watu bure. Familia ikisikia hatari mara tatu, inasikia siku zimegawanywa kwa tatu. Sivyo. Chukua mfano wa kuelewesha tu, namba zake ni za kwangu: wagonjwa 100 wenye uvimbe mdogo, ndani ya miaka miwili ugonjwa unawarudia 15. Kundi lenye hatari mara tatu, ugonjwa utawarudia kama 39. Ni tofauti kubwa, na inastahili daktari aifikirie. Lakini hebu hesabu upande wa pili: katika kundi hilo "baya", 61 ugonjwa haujawarudia. Sasa mjomba wako ni yupi kati ya hao 100? MTV haimjui. Inajua kundi lake, na hata kundi lenyewe inalijua kwa sharti la kwamba watu wale walitibiwa. Hakuna hata mmoja katika tafiti zile aliyewekwa nyumbani ili hela itunzwe, kisha akapimwa ameishi muda gani. Kutumia namba iliyotokana na waliotibiwa kuamua kutomtibu mtu ni kuigeuza miguu juu kichwa chini.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa takwimu hulalamikia sana, na wana haki. Huo mpaka kati ya MTV "kubwa" na "ndogo", kila utafiti ulijichagulia wake, mara nyingi baada ya matokeo kuonekana, wakatafuta ni wapi pa kukata ili makundi mawili yaachane vizuri. Ukikata nguo ukiwa umeshamwona mvaaji, lazima imkae. Mpeleke mtu mwingine, inambana. Na hata mstari wa kuzungushia uvimbe haufanani: wengine wanachukua kila kinachozidi asilimia 41 ya nukta kali kuliko zote, wengine wanachukua kila kinachozidi SUV 2.5. Kwa mjomba, njia ya kwanza inaanza kuhesabu kwenye SUV 7.2 na kuacha nje sehemu zote zenye joto la wastani. Njia ya pili inazikusanya, na 28 yake ingeweza kupanda sana bila saratani kuongezeka hata chembe. Ripoti nyingi hazisemi zimetumia njia gani. Ya kwenu pia umeninukulia bila hilo, kwa hiyo 28 hiyo isilinganishwe na namba yoyote ya mtandaoni.

Na nikuambie siri ambayo si siri. Kwamba uvimbe mkubwa ni mgumu kuutibu kuliko mdogo, waganga wa mionzi walijua zamani kabla PET haijazaliwa. Una seli nyingi zaidi za kuua, na katikati mwake damu haifiki vizuri. Penye upungufu wa oksijeni mionzi inapungua makali. Sehemu kubwa ya utabiri wa MTV ni habari hiyohiyo ya kale ikiwa imevaa suti. Hata kompyuta zenye akili bandia zimenaswa kwenye mtego huo. Kuna fomula maarufu ya mwaka 2014 iliyodai kusoma umbile la ndani la uvimbe kwenye picha za CT na kutabiri nani atapona; mwaka 2019 watafiti wengine waliichambua upya wakaonyesha kwamba kwa kiasi kikubwa ilikuwa inapima ukubwa wa uvimbe kwa njia ndefu. Kwa maana hiyo mtu wa Mwanza mwenye CT nzuri ya shingo, iliyopigwa na dawa ya mshipani, hajakosa mengi katika suala la utabiri. Ujazo unaonekana hata hapo.

Kuna kipimo kimoja hukukitaja, nacho kwa saratani ya nyuma ya ulimi kina uzito kuliko zote tatu. Kinaitwa p16. Kinafanywa kwenye kilekile kinyama kilichokwisha kutolewa, hakihitaji kumchoma mjomba tena. Kinaonyesha kama saratani imeletwa na kirusi cha HPV au imetokana na njia za kawaida za sigara na pombe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010 ulikuta kwamba baada ya miaka mitatu, asilimia 82.4 ya wenye saratani ya HPV walikuwa hai, dhidi ya asilimia 57.1 ya wasio nayo, wote wakiwa wamepata mionzi na dripu ya dawa za saratani. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za ugonjwa ukalazimika kuwatenga wagonjwa hawa kwenye jedwali lao. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara tafiti zimekuwa zikikuta saratani za koo za HPV ni chache, kwa hiyo msiende na matumaini makubwa mno. Ila ulizeni. Ni ajabu familia ivuke mpaka wa Sirari kwa ajili ya SUV na kuacha swali ambalo jibu lake liko kwenye kipande kilichohifadhiwa maabara.

Sasa tezi za kifua. Hapa ndipo ningependa kikao kitumie muda wake, kwa sababu hapa ndipo matibabu yanaweza kubadilika kweli. Kama ni saratani, mpango unakuwa mwingine kabisa. Kama si saratani na mkaamini ndiyo, mjomba atanyimwa tiba ya kuponya kwa sababu ya kivuli.

SUV ya 4.1 kwenye tezi za katikati ya kifua, kwa mtu wa kanda yetu, haijathibitisha lolote. Kifua kikuu kinawasha tezi kwenye PET, tena kinaweza kuziwasha kuzidi hiyo 4.1 kwa mbali. Kinaweza hata kuwa kile cha zamani ambacho mwili ulishakidhibiti lakini bado unakilinda. Miaka ya kuvuta moshi wa kuni na vumbi la kazi hufanya hivyo pia, na mjomba ni mtu wa mbao na randa. VVU visivyodhibitiwa na dawa huwasha tezi mwili mzima. Nimalizie na dalili ambayo radiolojia huitazama sana: tezi za kifua zikiwaka pande zote mbili kwa ulinganifu, huku uvimbe wa koo uko upande mmoja na tezi ya shingo ni moja tu, wazo la kwanza halipaswi kuwa saratani. Saratani ya koo kwa kawaida hushuka kwa ngazi, tezi za juu ya shingo, za kati, za chini, ndipo kifua. Kuruka ngazi zote hizo kunatokea, lakini lazima kudaiwe uthibitisho.

Uthibitisho wenyewe unaanza na mambo ya karibu. Makohozi yapimwe TB kwa mashine ya GeneXpert, kama anayo. VVU vipimwe kama havijapimwa. CT ya kifua isomwe na mtu aliyeambiwa swali ni nini, maana tezi zenye chokaa ndani mara nyingi ni za zamani. Makohozi yakitoka safi bado hayajaifuta TB ya tezi, kwa hiyo madaktari wakiona mashaka yamebaki watazungumzia kuchukua sampuli ya tezi yenyewe kwa sindano kupitia njia ya hewa. Hilo ni lao kuamua. Lenu ni kuuliza swali hili kwa maneno haya: "Daktari, hizi tezi za kifua tumezithibitisha au tumezikisia?" Na likishaulizwa, lijibiwe kwa siku na wiki, si kwa miezi. Ikionekana ni TB, mjomba ana magonjwa mawili na yote yana dawa. Madaktari wanajua kupanga yapi yatangulie na yapi yaende pamoja.

Nije kwenye mtumbwi. Usiuzwe kwa ajili ya PET ya katikati. Kuna watafiti wanaopima jinsi uvimbe unavyopoa ndani ya wiki za mwanzo za mionzi, na kweli wanaopoa haraka huwa na matokeo mazuri kidogo. Shida ni kwamba ukishajua, unafanya nini? Matibabu ya kawaida ni yaleyale: mionzi gray 70 (gray ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipande 35, wiki saba, na dripu ya sisiplatini, dawa ya saratani, kama figo na masikio vinaruhusu. Zaidi ya hapo, katikati ya mionzi koo zima limechubuka na linavuta sukari kwa ajili ya kidonda. Utaona moto, na hutajua ni wa adui au wa mafundi wanaokarabati. Halafu mgonjwa apande basi usiku kucha kwenda Nairobi, akose vipindi vitatu vinne vya mionzi kwa ajili ya picha hiyo? Hapana.

Siku ya PET ni wiki 12 baada ya kumaliza. Hapo kuna ushahidi ninaouamini kuliko tafiti zote za SUV ya mwanzo. Waingereza walifanya jaribio liitwalo PET-NECK, likachapishwa 2016, wagonjwa 564 waliokuwa na tezi kubwa za shingo. Nusu walipangiwa operesheni ya kuondoa tezi za shingo kama ilivyokuwa desturi. Nusu nyingine walipigwa PET wiki 12 baada ya mionzi na dripu, na kisu kikaenda kwa wale tu ambao picha ilibaki na mashaka. Baada ya miaka miwili walio hai walikuwa asilimia 84.9 upande wa PET na 81.5 upande wa operesheni, kwa hiyo PET haikuwapunja kitu. Lakini operesheni zilikuwa 54 upande mmoja na 221 upande mwingine. Hapo picha imefanya kazi ya maana: imemwambia daktari wa upasuaji nani aachwe. Shingo iliyopoa kabisa katika wiki ya 12 ni habari njema nzito kuliko SUV yoyote ya mwanzoni. Msiwahi kabla ya hapo, wiki ya sita kwa mfano, kwa sababu uvimbe wa mionzi bado haujatulia na mtaletewa hofu ambayo haipo.

Wengine huniuliza kwa nini hiyo sukari isiletwe tu Mwanza kwa ndege. Florini-18 inapungua nusu kila dakika 110. Ndege ya Dar hadi Mwanza ni kama saa moja na nusu; ongeza kutoka saiklotroni, mtambo unaoitengeneza, hadi uwanja wa ndege, mizigo, kutoka uwanjani hadi hospitali, saa tatu na nusu zimekatika na imebaki kama robo. Inawezekana kwa kutuma nyingi zaidi, lakini inahitaji mashine ya kuipokea na mpango usioyumba hata siku moja. Kwa hiyo mgonjwa ndiye anayesafiri. Muda wa kurudia ukifika, ulizeni kwanza hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kabla ya kukata tiketi ya Nairobi. Na kama safari itashindikana kabisa, CT ya shingo pamoja na daktari mzuri wa koo anayetazama kwa kamera si mwisho wa dunia. Wagonjwa wengi duniani wanafuatiliwa hivyo.

Kuna utabiri mwingine ambao hauko kwenye ripoti, na huu mna mkono nao. Sigara ni wa kwanza. Utafiti wa Kanada wa 1993 uliwafuata wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa kwenye mionzi: walioendelea kuvuta, uvimbe ulitoweka kabisa kwa asilimia 45, wasiovuta, asilimia 74. Sijui PET gani inaweza kuwapa tofauti ya namna hiyo bila nauli. Kama mjomba bado anavuta, kikao kianzie hapo. Na msimgombeze, msaidieni. Mtu aliyevuta miaka 40 haachi kwa kufokewa na wapwa.

Kisha kutokosa vipindi. Wadenishi mwaka 2003 walichapisha jaribio la wagonjwa 1,485: dozi ileile ya mionzi, wengine vipindi vitano kwa wiki, wengine sita, yaani walimaliza wiki moja mapema. Ugonjwa ulidhibitiwa kwa asilimia 70 kwa waliomaliza mapema, asilimia 60 kwa wengine. Wiki moja tu. Saratani hizi zikishachokozwa, seli zilizobaki zinazaana kwa kasi, na kila siku inayopotea katikati wanakadiria inakula kama asilimia 1.4 ya uwezekano wa kuushinda ugonjwa pale ulipo. Kwa hiyo pangeni mapema mjomba atalala wapi, nani anampeleka asubuhi, nani anashika zamu akichoka. Kutoka Kirumba kupanda Bugando si mbali, ila wiki ya tano, mdomo ukiwa kidonda kitupu na mate hayamezeki, hata hatua kumi ni mbali. Msiba ukitokea kijijini wiki hizo, aende mwingine.

Chakula kitakataa, hilo halina shaka. Uji wa lishe, maziwa, mchuzi wa samaki uliosagwa bila pilipili, na mkiambiwa awekewe mpira wa kulishia msiuone kama dalili ya kukata tamaa, unamwezesha kumaliza. Meno yaliyooza yang'olewe kabla mionzi haijaanza, si baada, kwa sababu taya lililopigwa mionzi halipendi kung'olewa jino.

Na ile CD ya picha za PET iliyotoka Nairobi, iko wapi? Watu hubeba karatasi ya ripoti na kuacha CD kwenye droo. Mpeni daktari wa mionzi kabla mjomba hajatengenezewa barakoa ya kumshikilia kichwa na mipaka ya mionzi haijachorwa. Atataka kuona mwenyewe uvimbe unaishia wapi na ile tezi ya shingo iko ngazi ipi, na hilo karatasi haimwonyeshi.